Jiwe letu linanuka lami. Tuchange tununue boila?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana katika kijiji kimoja wilayani Rufiji. Juu ya kijiji kuna jabali jeusi. Ukilivunja mchana wa jua linanuka lami na linanata kidogo mkononi. Wazee wanasema zamani wazungu waliwahi kuja kulitazama. Mwaka huu amekuja bwana mmoja, anasema hiyo ndiyo lami yenyewe na kwamba Canada nzima inaishi kwa mawe kama hayo. Anataka kila kaya ichange tununue boila lake, tuchemshe jiwe, tupate lami ya barabara yetu ya kilomita 4 hadi barabara kuu, na inayobaki tuigeuze dizeli tuuze. Anasema hata bomba la Uganda linapashwa moto kwa sababu mafuta yake ni lami. Sisi tulijaribu wenyewe kwanza: tuliponda jiwe, tukalichemsha na maji kwenye pipa lililokatwa, tukaongeza dizeli, tukapata uji mweusi, tukaumwaga njia ya msikitini. Sasa ni miezi mitatu, bado unanata kwenye viatu, na mvua iliponyesha vipande viling'oka. Tulikosea wapi? Na je, tuchange?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kueleza na mlichokosea, maana wengi huniletea sifa za jiwe tu, wakaficha kilichotokea walipolichemsha.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Msichange. Simjui bwana huyo na simwiti tapeli, lakini anawauzia sufuria kabla ya yeyote kujua kama kuna cha kupika. Jiwe halijapimwa. Hakuna anayejua lina lami asilimia 2 au 12, wala lami hiyo ni ya aina gani. Mpaka namba hizo zipatikane, fedha ya kaya ibaki kwenye kaya.

Hata hivyo sitaki uende kwa wazee ukawaambie jiwe lao ni bure, kwa kuwa huenda si bure. Huko huko Rufiji, mahali panapoitwa Wingayongo, kuna jiwe la mchanga lililolowa mafuta mazito yakagandia humo humo. Pemba, pale Tundaua, mafuta hujitokeza yenyewe juu ya ardhi. Wanajiolojia wanayajua maeneo hayo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kijiji cha Rufiji kuwa na jabali linalonuka lami ni jambo la kuaminika kabisa, na wazee wenu wanaposema watu walikuja kulitazama mimi nawasadiki.

Shida ya kwanza ni lugha yetu. Tunasema "lami" kwa vitu vitatu tofauti. Kuna lami inayokuja kwenye mapipa, ile nyeusi tupu inayogandisha. Kuna lami iliyokwisha kutandikwa barabarani, ambayo kwa uzito ni kokoto na mchanga kama asilimia 95, na ile nyeusi yenyewe ni asilimia 5 hivi. Na kuna lami inayotokana na kuchoma makaa ya mawe, ambayo ni kitu kingine kabisa na ina sumu zinazosababisha saratani, hiyo isiwahusu. Jiwe lenu, kama ni lenyewe, lina kitu cha nne: lami asilia, yaani mafuta ghafi yaliyochakaa yakiwa bado ardhini.

Yamechakaaje? Mafuta ghafi huanzia chini sana, yakiwa mepesi. Kwa sababu ni mepesi kuliko maji hupanda polepole kupitia vitundu vya mwamba. Yakifika karibu na uso wa nchi, kwenye mwamba ambao joto lake halizidi nyuzi 80 hivi, hukutana na bakteria. Bakteria hula kwanza kilicho laini, yaani sehemu ambazo zingekuwa petroli na dizeli. Maji yanayopita chini ya ardhi nayo huchukua fungu lake. Kinachobaki ni makombo: chembe kubwa nzito ziitwazo asfalteni, salfa nyingi, na metali kidogo kama nikeli na vanadi. Umewahi kuona maji ya miwa yakichemshwa mpaka yakawa sukari guru? Ni mfano wa karibu, ila una tofauti moja ambayo naomba uishike. Sukari guru ukiirudishia maji inarudi kuwa maji matamu. Lami asilia ukiirudishia kitu chepesi italainika, itatiririka, lakini kile kilicholiwa hakirudi. Nusu ya maneno ya bwana wenu yanaangukia hapo.

Makombo hayo yana mnato mkubwa ajabu. Tukiyapa maji namba 1, asali ya nyuki ni maelfu, na lami ya Athabasca kule Canada, ikiwa kwenye baridi yake ya ardhini, hufika milioni moja na kupita. Haitoki hata ukichimba kisima. Lakini mnato huo unavunjwa na joto kuliko kitu kingine chochote: ipashe hadi nyuzi 200 hivi na inatiririka kama mafuta ya kupikia. Kwa hiyo kila njia ya kuishughulikia lami asilia, hata ikipewa jina kubwa namna gani, ndani yake kuna swali moja. Joto unalitoa wapi, na nani analilipia?

Sasa twende Canada. Si Canada nzima, ni jimbo la Alberta, katika maeneo matatu: Athabasca, Cold Lake na Peace River. Kwa pamoja ni kama kilomita za mraba 142,000, yaani eneo kubwa kuliko nchi ya Malawi. Na kule si jabali, ni mchanga. Kila punje imezungukwa na utando mwembamba wa maji, kisha lami iko nje ya utando huo. Utando huo ndio bahati yao kubwa. Fikiria nazi iliyokunwa: ukiimwagia maji ya moto na kuikamua, tui linatoka, chicha linabaki, na ukiliacha tui litulie mafuta yanapanda juu. Wao hufanya vivyo hivyo kwa mchanga. Wanauchanganya na maji ya moto, wanautikisa, viputo vya hewa vinaibeba lami juu kama povu, mchanga unazama. Mkemia Karl Clark ndiye aliyeiweka njia hiyo sawa katika miaka ya 1920 akiwa Edmonton. Mchanga wao una lami kiasi cha asilimia 10 au zaidi kidogo kwa uzito, na zinahitajika tani 2 hivi za mchanga kupata pipa moja la kimataifa, la lita 159.

Hiyo ni ile sehemu ndogo iliyo karibu na juu, isiyozidi mita 75 hivi. Iliyobaki iko chini sana, haifukuliki. Hapo hutoboa visima viwili vinavyolala, kimoja mita 5 hivi juu ya mwenzake. Cha juu kinapuliza mvuke, lami inayeyuka na kudondokea cha chini, inavutwa. Roger Butler alibuni mbinu hiyo. Gesi asilia inayochomwa kutengeneza mvuke huo ni nyingi mno, na hakuna boila la kijiji linalokaribia jambo hilo.

Lakini kisa ninachopenda ukipeleke kijijini ni cha mtu mwingine, Sidney Ells. Mwaka 1913 serikali ya Canada ilimtuma kaskazini kuupima mchanga wa Athabasca. Akaja na wazo lile lile la bwana wenu: tusihangaike kugeuza mafuta, tutengeneze barabara. Mwaka 1915 mchanga ule ulisafirishwa hadi Edmonton ukatandikwa kipande cha barabara, na kipande kile kikashika vizuri. Wazo halikufa kwa ubovu wa lami. Lilikufa kwa gharama ya kusafirisha mchanga, kwa sababu ukibeba tani 10 umebeba tani 9 za mchanga usiouhitaji, na lami ya kiwandani iliyotoka mbali ilikuwa nafuu kuliko hiyo. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha biashara kule kilifunguliwa mwaka 1967. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 50 tangu Ells aende, kwenye nchi yenye fedha, reli na vyuo vikuu.

Na barani kwetu? Madagascar, ng'ambo ya bahari hapo, ina mchanga wa lami pale Bemolanga na mafuta mazito pale Tsimiroro. Kampuni kubwa zimekwenda, zimetoboa, Tsimiroro wamejaribu hata mvuke, na bado hakuna sekta ya lami ya kuizungumzia. Nigeria ina ukanda mrefu wa lami asilia unaopita jimbo la Ondo na majirani zake, na bado inanunua lami nje. Sisemi hivi kuwavunja moyo. Nasema kwa sababu mtu akikuahidi kwa boila moja jambo ambalo nchi zenye akiba kubwa limezishinda, una haki ya kumwuliza vipimo vyake viko wapi.

Tuje kwenye dizeli. Lami ikishatenganishwa na mchanga bado ni nzito mno kupita kwenye bomba. Canada wana njia mbili. Ya kwanza ni kuizimua: kila mapipa 10 ya mchanganyiko, kama 3 ni mafuta mepesi yanayopatikana pamoja na gesi asilia. Mchanganyiko huo unatiririka, unasafirishwa hadi kiwanda cha kusafisha mafuta kinachoweza kuupokea. Lakini ni lami iliyozimuliwa, si mafuta mepesi. Mwaka 2010, huko Michigan nchini Marekani, bomba lililobeba mchanganyiko huo lilipasuka karibu na mto Kalamazoo. Ile sehemu nyepesi ikapeperuka hewani, lami ikabaki, na sehemu yake ikazama chini ya mto. Kuusafisha kulichukua miaka na gharama ikapita dola bilioni moja. Venezuela nao waliwahi kuichanganya lami na maji, lami asilimia 70 na maji 30, na dawa ya kuyashikanisha, wakaisafirisha kwa meli kuwa kuni ya mitambo ya umeme. Ilisafiri vizuri, lakini ilikuwa ya kuchomwa kwenye matanuru tu.

Njia ya pili ndiyo inayozaa dizeli. Unazivunja zile chembe kubwa kwa joto la karibu nyuzi 500, unaondoa kaboni iliyozidi, ambayo hugeuka mawe meusi kama makaa, kisha unaingiza haidrojeni kwa shinikizo kubwa ili kuondoa salfa. Salfa kwenye lami ya Athabasca ni asilimia 4 hadi 5 hivi. Mitambo hiyo ni mji mzima wa chuma. Mtu akichemsha lami kwenye pipa kwa moto mkali sana, ni kweli kuna majimaji yanayonuka vibaya yatadondoka, na sehemu yake itawaka ukiitia kiberiti. Pengine bwana wenu ameona hilo akaliita dizeli. Limejaa salfa na gundi, linaua pampu ya injini, na mvuke wake ukikutana na moto ulio chini ya pipa mtapoteza watu. Hapa nasema bila kusitasita: msilijaribu.

Kuhusu Uganda amechanganya mambo mawili yanayofanana kwa nje. Mafuta ya Ziwa Albert si lami. Yana nta nyingi, nta ya aina ile ile ya mshumaa, ndiyo maana yakipoa kwenye joto la kawaida yanaganda. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa lipashwe moto ili nta isigande njiani. Mshumaa ukiuyeyusha ni majimaji mepesi, ukipoa ni mgumu ghafla. Lami haina kituo hicho, inalainika polepole na kukakamaa polepole. Mafuta ya nta ni mali nzuri kiwandani kwa sababu yale mepesi hayajaliwa yote. Kwa hiyo bomba la Uganda halithibitishi lolote kuhusu jiwe lenu.

Sasa njia ya msikitini, swali lililonivutia kuliko yote, kwa sababu jaribio lenu limewafundisha zaidi ya mlivyodhani.

Mlipochemsha jiwe na maji peke yake, nadhani hakikutoka kitu cha maana, ndiyo maana mkaongeza dizeli. Jiwe lenu ni gumu, mnalivunja kwa nyundo, maana yake punje zake zimeshikanishwa. Maji hayawezi kuifikia lami iliyofungiwa ndani ya kipande. Inawezekana pia kwamba lami imegusana na punje moja kwa moja, bila ule utando wa maji. Mawe ya namna hiyo hayakubali mbinu ya nazi, yanataka kiyeyusho. Dizeli ndiyo iliyowayeyushia. Lakini iliyeyusha lami ikabeba na mchanga laini na vumbi, mkapata uji wa vitu vitatu: lami, dizeli na vumbi, na maji kidogo ndani yake.

Wajenzi wa barabara nao huzimua lami kwa shughuli fulani, kwa mfano ile ya kwanza kabisa inayomwagwa juu ya changarawe iliyoshindiliwa ili ipenye. Lakini hutumia mafuta ya taa, kwa kipimo, kwa sababu mafuta ya taa hupeperuka siku zinavyokwenda na lami ikabaki imeshika. Dizeli ni nzito, haina haraka ya kuondoka. Ndiyo inayowanatia viatu hadi leo, na jua la Rufiji litaendelea kuilainisha. Vipande viling'oka mvua iliponyesha kwa sababu nyingine: mlimwaga juu ya vumbi. Lami haishiki jiwe lenye vumbi wala jiwe lenye unyevu, inashika vumbi lenyewe. Mvua ikipata upenyo hapo chini, inabandua.

Lami ya dukani nayo hutoka wapi? Ni mabaki ya mafuta ghafi yaliyokwisha kutolewa petroli, dizeli na mafuta ya taa, kisha yakachujwa tena kwenye mnara usio na hewa. Mabaki hayo hupimwa. Kipimo maarufu ni cha sindano: sindano yenye uzito wa gramu 100 huwekwa juu ya lami iliyo nyuzi 25 na kuachwa sekunde 5. Ikizama kati ya milimita 6 na 7, hiyo ni lami 60/70. Ikizama 8 hadi 10, ni 80/100. Uso wa barabara kwenye jua la pwani unaweza kufika nyuzi 60, kwa hiyo lami laini kupita kiasi huvuja na kufanya mitaro ya matairi, na ngumu kupita kiasi hupasuka. Mkandarasi hanunui weusi, ananunua namba hiyo. Lami yenu haina namba.

Wapo wanaouza lami asilia ikafika barabarani. Mfano mkubwa ni ziwa la lami la La Brea, kisiwani Trinidad, lenye ukubwa wa hekta 40 hivi. Pennsylvania Avenue ya Washington ilitandikwa lami hiyo mwaka 1876. Lakini angalia wanachofanya: wanaichemsha hadi nyuzi 160 hivi kutoa maji, wanaichuja takataka, halafu bado wanaichanganya na lami ya kiwandani, kwa kuwa peke yake ni ngumu na zaidi ya theluthi yake ni vumbi la madini. Indonesia, kisiwani Buton, wana jiwe la chokaa lenye lami ambalo huliponda na kulitia kwenye mchanganyiko wa barabara. Lami ya ndani ya jiwe hupunguza ile ya kununua, haiifuti. Kama jabali lenu lina mustakabali wowote wa barabara, naona uko kwenye njia hii ya Buton, ya kuliponda jiwe na kulitumia zima zima karibu na lilipo, kuliko kwenye njia ya kulichemsha.

Hebu tufanye hesabu ya boila kwa barabara yenu. Tuchukue lami nyepesi ya tabaka mbili, upana mita 6. Kwa makadirio yangu mtahitaji lita 2.5 za lami kwa kila mita ya mraba, bila kuhesabu ile ya kupenyeza. Kilomita moja ni lita 15,000, kilomita 4 ni lita 60,000, karibu tani 60. Tuseme jiwe lina asilimia 10, na mnafanikiwa kutoa robo tatu ya lami iliyomo, jambo ambalo kwa vifaa vya kijijini litakuwa la ajabu. Mtaponda tani 800 za jabali. Kupasha tani moja ya jiwe na tani moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi 80 juu ya moto wa kuni usiofunikwa vizuri kunakula kuni zaidi ya kilo 100. Kwa tani 800 ni tani 80 na zaidi za kuni, na hapo lami bado ina maji ndani, haijakaushwa, haijapimwa. Msitu gani utatoa kuni hizo? Na maji yale machafu yenye mafuta na udongo mtayamwaga wapi, kama si bondeni kuelekea mto ambao watu wanavua na kulima? Alberta wana mabwawa makubwa ya maji ya namna hiyo, udongo laini umegoma kutua kwa miongo. Mwaka 2008 bata zaidi ya 1,600 walitua kwenye bwawa moja wakafa.

Nina jambo la kukueleza kuhusu pipa lililokatwa, na hapa naomba uwasomee vijana wote. Miaka ya nyuma, kwenye eneo moja la ujenzi nililokuwa nikipima sampuli, walimwaga lami ya moto kwenye tangi lililokuwa na maji ya mvua chini, kidogo tu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inakuwa zaidi ya lita 1,600. Lami ilifura ikamwagika kama maziwa yanayochemka, ikamshika kijana mikono yote miwili. Wenzake, kwa huruma, wakaanza kuibandua na kumsugua kwa dizeli. Ngozi ikatoka nayo. Ningekuwa karibu zaidi ningewazuia, na hilo bado linaniuma.

Lami ya moto ikimpata mtu, mwagieni maji safi ya baridi mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, juu ya lami yenyewe, mpaka ipoe kabisa. Msiibandue. Msipake petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Mpelekeni hospitali lami ikiwa juu yake, huko wana namna ya kuilainisha. Ikiwa imezunguka mkono au kidole kizima, au imegusa jicho, msingoje hata saa moja. Na anayechungulia pipa la lami inayochemka akahisi kizunguzungu au harufu ya yai bovu, aondoke haraka aelekee upande unakotoka upepo: ni gesi ya salfa, na inaua.

Basi mfanye nini? Kwanza chukueni vipande vitatu au vinne kutoka sehemu mbalimbali za jabali, si kile kimoja kinachong'aa tu, na mvunje mpaka mfikie ndani ambako jua halijafika. Kipande kidogo kipondeni, mkitie kwenye chupa ya kioo yenye mafuta ya taa, mbali na moto, mkitikise na kukiacha usiku kucha. Mafuta yakigeuka kahawia iliyokolea au meusi, na mchanga ukabaki chini umepauka, jiwe lina lami. Yakibaki meupe, weusi ule ni makaa ya mawe au madini, na mjadala umekwisha. Hilo linawaambia ipo au haipo. Halisemi ni kiasi gani wala ni nzuri kiasi gani.

Kiasi gani ni kazi ya maabara. Mpitie kwa mtendaji wa kijiji na halmashauri, sampuli zifike Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST, Dodoma, na TPDC, yaani Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ijulishwe. Huu si urasimu tu. Kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, mafuta yaliyo ardhini ni mali ya taifa. Kikundi cha vijana hakiwezi kuyachimba na kuyauza kwa mkataba wa bwana mmoja, hata kama mkataba una mihuri. Mkiingia humo, siku jiwe likionekana lina thamani nyinyi ndio mtakaokuwa na kesi. Mkilipeleka kwa njia iliyo wazi, kijiji kinabaki kwenye kumbukumbu kwamba ndicho kilicholionyesha.

Bwana wenu naye mpeni nafasi. Mwombeni vitu vitatu kwa maandishi: matokeo ya maabara ya jiwe hili hili, mahali ambapo boila lake linafanya kazi leo ili mwende wawili mkalione, na kibali. Mtu mkweli hatakasirika.

Kuhusu barabara, niseme ukweli ambao si mtamu. Lami yote tunayotumia inaingia kwa meli, sehemu kubwa kutoka Ghuba, kwa kuwa kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi zamani na cha Changamwe, Mombasa, nacho kiliacha mwaka 2013. Ni ghali. Lakini barabara ya kijiji haifi kwa kukosa lami, inafa kwa maji. Michango ile ile ikijenga makalavati mawili pale panapokatika, ikachimba mitaro, na mkaishinikiza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilete greda na changarawe nzuri, gari litafika masika yote. Lami juu ya njia isiyo na mitaro ingeng'oka kama ile ya msikitini.

Nayo ile ya msikitini msiiache hivyo, wazee watateleza. Subirini siku ya jua kali, saa saba hivi, mwageni mchanga mkavu wa mto, ule wa punje nene, mshindilie kwa kutembeza mkokoteni uliobeba mzigo. Kesho yake fagieni uliozidi. Rudieni mara mbili au tatu, utaacha kunata. Pale palipong'oka chimbeni mpaka chini ya ule uji, jazeni changarawe yenye unyevu kidogo, shindilieni, na mpe njia mwinamo upande mmoja ili maji yasisimame.

Ukishatikisa ile chupa, niandikie rangi uliyoiona.